Misemo Mia Mbili na Robota la Mahameli

Kila siku kengele ya mwisho ya shule ikishalia, sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilipitia karakana ya baba, nikavua viatu vya shule, nikafagia vipande vya sponji na nyuzi zilizozagaa sakafuni, kisha nikatafuta kiti chochote kilichobaki na pa kukalia. Baba alikuwa fundi wa kuwamba viti na makochi. Watu walimletea kochi limebonyea na springi zimechomoza, naye alilivua kitambaa kikuukuu, akalijaza sponji mpya na kulivika upya. Shangazi, dada yake baba, alishona foronya za mito kwenye cherehani karibu na dirisha. Kazi yangu mimi, baada ya kufagia, ilikuwa kuwadharau.

Niliwadharau kwa sababu hawakujua Kiingereza na mimi nilikijua. Au tuseme nilijua misemo yake, nikadhani ndicho Kiingereza chenyewe. Shuleni kwetu mwalimu wa Kiingereza alikuwa na mtindo wake: kila msemo uliopachikwa kwenye insha uliongeza alama moja. Maskini, alidhani atatufanya tuipende lugha, kumbe alitufanya wachuuzi. Wakati wa mapumziko ungesikia, "Nipe wa kufa nikupe wa mvua!" Wa kufa ni kwamba Mwingereza akifariki, husemwa ameipiga ndoo teke. Wa mvua ni kwamba ikiwa kubwa, husemwa wananyesha paka na mbwa. Jambo rahisi ni kipande cha keki. Kutoboa siri ni kumwaga maharage. Jambo la nadra hutokea mwezi unapokuwa wa buluu, na kitu cha bei mbaya hugharimu mkono na mguu.

Mimi nilikuwa nayo mia mbili na nne, yote nimeiandika kwa wino mwekundu kwenye daftari, na wenzangu waliniita Kamusi. Insha zangu sasa! Niliwahi kuandika habari za mazishi ambamo babu aliipiga ndoo teke, paka na mbwa wakanyesha, wajomba wakamwaga maharage, na kaburi likachimbwa kwa urahisi wa kipande cha keki. Mwalimu alinipa alama zote. Sikujiuliza hata siku moja kama yupo binadamu anayeweza kuisoma takataka ile akamhurumia yule babu.

Kiingereza cha baba kilikuwa maneno kama ishirini, yote ya kazi. Akija mteja asiyejua Kiswahili, baba alishika futi ya kupimia, akagonga kiti kwa kidole, akasema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "Hii? Kubwa? Dogo? Wewe onyesha." Asipoelewa, na mara nyingi hakuelewa, alisema bila haya hata chembe, "Mimi hapana kuelewa. Sema tena." Mteja akisema tena, baba alimjibu, "Hapana kuelewa. Sema tena." Mara nne, mara tano! Nilikuwa najibanza nyuma ya makochi ili mteja asijue kwamba mtu yule ndiye aliyenizaa.

"Baba, unatutia aibu," nilimwambia siku moja.

"Aibu ya nini? Kochi lake si nimelitengeneza alivyotaka?"

"Lakini unauliza uliza kama mtoto wa chekechea."

Shangazi alisimamisha cherehani. "We mtoto, chunga mdomo wako!"

Baba alicheka tu. "Mwache, dada. Huyo ndiye msomi wetu, siku moja tutamhitaji."

Mwaka ule kazi ilikuwa imedorora. Mtaa wa pili lilikuwa limefunguliwa duka kubwa la viti vya chuma vinavyokuja tayari, na watu wakaacha kuwambisha vya zamani. Kuna wiki cherehani ya shangazi haikulia kabisa. Baba alikwisha anza kusema kwamba mambo yakiendelea vile, atafunga karakana na kwenda kuomba kibarua kiwandani, yeye ambaye alikuwa fundi tangu ana miaka kumi na saba. Alikuwa akisema huku anapanga misumari kwenye makopo, asitutazame usoni.

Ndipo Jumatano moja akaingia mwanamke mrefu, miwani imening'inia shingoni, kadi ya kazi imebanwa kifuani. Alikuwa meneja mpya wa hospitali iliyoko mwisho wa barabara kuu, mgeni aliyefika nchini miezi miwili tu iliyopita. Kiswahili alijua salamu na asante, basi. Baba aliona ile kadi, akanitazama, uso ukamng'aa.

"Mwanangu, njoo! Leo ndiyo siku yako."

Nilijitokeza nimebinua kidevu. Yule meneja akaanza kusema. Loo! Kiingereza chake hakikufanana na kile cha redioni. Maneno yalimtoka yakikwaruzana, mengine akiyameza, mengine akiyaburuza. Nikamcheka moyoni: eti huyu naye ni meneja! Nilidaka "viti", nikadaka "arobaini", nikadaka "ukumbi wa kusubiri" na "wiki tatu". Kisha akafungua kitabu cha sampuli za vitambaa, akaweka kiganja juu ya mahameli nyekundu iliyoiva, akaipapasa, akatabasamu, akasema maneno mengi sana. Hayo sikudaka hata robo.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema nimeachwa. Lakini Kamusi aseme hajaelewa? Mbele ya baba na shangazi? Thubutu! Nilikohoa kidogo nikamwambia kwa Kiingereza kwamba kwa baba yangu kazi hiyo ni kipande cha keki, wala haitamgharimu mkono na mguu.

Meneja alipepesa macho. Alimtazama baba mikono, akamtazama miguu, akageuka kutazama miguu ya shangazi chini ya cherehani. Kisha akatikisa kichwa taratibu kuonyesha amekubali. Mimi nikaona nimemkosha, nikaongeza kwamba fundi kama huyu hupatikana mwezi unapokuwa wa buluu, na hata wanyeshe paka na mbwa, viti vitakuwa tayari. Tabasamu lilikuwa limemtoweka usoni. Aliniuliza swali, nikatikisa kichwa. Akauliza la pili, nikatikisa tena.

"Kasemaje?" baba aliuliza.

"Anataka hiyo mahameli. Ameipenda mno. Viti arobaini, kwa wiki tatu."

"Mahameli? Kwenye ukumbi wa hospitali?"

"Ndivyo alivyosema."

"Hebu muulize tena."

"Baba jamani! Mtu kashasema. Unataka anione mjinga?"

Baba alimtazama meneja, akagusa ile mahameli, akainua nyusi. Meneja, ambaye sasa alikuwa na haraka ya kuondoka, akatikisa kichwa. Baba naye akatikisa chake. Tulikuwa kama mijusi juu ya ukuta, kila mmoja anatikisa kichwa na hakuna anayejua kwa nini.

Kesho yake mpagazi wa hospitali alileta kiti kimoja kwa mkokoteni kiwe kipimo, akasema vingine vitafuata Jumatatu. Baba alikwenda duka la vitambaa akarudi amebeba robota zima la mahameli begani, jasho linamtiririka. Karibu kila alichokuwa nacho kilikuwa kimeishia pale. Mwenye duka alikuwa na sharti moja: robota likirudishwa zima analipokea, lakini likishaguswa na mkasi, hata kwa upana wa kidole, ni la aliyelikata.

Siku tatu zile baba hakuacha kunisifu. Muuza magazeti aliambiwa. Kinyozi wa jirani aliambiwa mara mbili. "Binti yangu alimwaga Kiingereza mpaka yule mama akabaki mdomo wazi," alisema, na kila aliposema, nilijisogeza nyuma ya makochi. Nilifungua daftari langu kutafuta maneno ambayo huenda meneja alikuwa ameyasema alipopapasa ile mahameli. Nilikuta kuuma risasi, maana yake kuvumilia jambo gumu. Nilikuta kuwa chini ya hali ya hewa, maana yake kujisikia mgonjwa. Misemo mia mbili na nne, na hakuna hata mmoja ulioniambia mtu anataka kiti cha namna gani!

Shangazi ndiye aliyenikera zaidi. "Mimi sijasoma," alisema huku akitunga uzi, "lakini mahameli hospitalini? Mtoto akitapika juu yake je? Mtu akidondosha damu je? Utaifua pamoja na kiti na miguu yake?"

"Shangazi, wageni wana mambo yao," nilimjibu. "Wewe shona tu."

Alirudi kwenye cherehani yake, na mimi nikajifanya nafagia.

Jumamosi asubuhi baba alitandaza mahameli juu ya meza kubwa. Aliunoa mkasi, akaujaribu kwenye kipande cha gunia, akachora mistari kwa chaki akifuata vipimo vya kile kiti. Alikuwa akipiga mluzi, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi.

"Msomi wangu," alisema, "hebu nirudishie maneno ya yule mama kabla sijakata. Alipoishika mahameli alisemaje hasa?"

"Alisema... ni nzuri."

"Na kisha?"

"Kisha akasema ni nzuri sana."

"Aliongea dakika nzima, yote ikawa nzuri?"

"Ndiyo, baba."

Shangazi aliacha kushona. Baba alinitazama, akatabasamu, akasema, "Haya, aliyesoma kasema," akaufungua mkasi na kuuweka pembezoni mwa kitambaa. Niliona mkono wake ukikaza. Niliiona karakana imefungwa kufuli, na baba amepanga foleni kwenye geti la kiwanda na vijana walio nusu ya umri wake.

"Baba, usikate!"

Mkasi ulisimama.

"Sikumwelewa," nilisema, na machozi yakanitoka. "Sikumwelewa hata robo. Nilijifanya tu. Hata hayo maswali aliyoniuliza siyajui. Nilitikisa kichwa basi."

Baba aliuweka mkasi mbali, upande wa pili wa meza. Heri angenipigia kelele. Alinitazama tu, na nilichokiona usoni mwake nilikijua vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nikimtazama hivyo kila siku. Ilikuwa dharau.

"Siku tatu," alisema. "Siku tatu unanitazama nikijitapa barabarani kama juha, nawe kimya. Ungeniacha nikate?"

Shangazi alisonya msonyo mrefu ambao nadhani kinyozi aliusikia. "Si nilisema!"

"Vaa viatu," baba aliniambia. "Tunakwenda."

Tulimkuta meneja ofisini kwake, chumba kidogo chenye meza moja na kabati la chuma. Mbele yake palikuwa na barua iliyopigwa chapa, na kando yake karatasi ya matangazo ya lile duka la viti vya mtaa wa pili. Baba aliiona, nami niliiona. Aliitoa kofia yake, akasimama wima, akayatumia maneno yake ishirini.

"Mama. Mimi hapana kuelewa. Mtoto hapana kuelewa. Wewe sema tena. Pole pole."

Yule meneja alivua miwani. Alimtazama baba, akanitazama mimi, halafu akacheka kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Akatuvutia viti. Kisha akasema pole pole, neno baada ya neno, na ajabu ni kwamba alivyosema pole pole nilimwelewa. Hata lile la lafudhi halikuwa kitu. Nilimfasiria baba sentensi moja moja.

Alisema mahameli ile ilimkumbusha kiti cha mama yake kule kwao, ndiyo maana aliipapasa. Lakini hospitalini haifai kabisa. Alitaka ngozi bandia, inayofutika kwa maji na sabuni kila mgonjwa anapoinuka. Swali la kwanza aliloniuliza lilikuwa kama baba ana ngozi ya namna hiyo. La pili lilikuwa kama nimemwelewa.

Uso uliniwaka moto. Lakini hakuwa amemaliza.

"Kiingereza si lugha yangu," alisema. "Nilianza kujifunza nikiwa mtu mzima, kwa kamusi na mazoezi, kila neno kwa jasho. Uliposema habari za mkono na mguu, nilidhani baba yako aliwahi kukatwa na mashine. Keki sikujua imetoka wapi. Paka na mbwa sikuwaona. Niliona haya kusema sielewi mbele ya mtoto, mimi mtu mzima mwenye cheo, kwa hiyo nikatikisa kichwa. Halafu nikaona unavyonitazama. Nikadhani umegundua kwamba Kiingereza changu ni kibovu, ukaamua kunichezea. Kiti cha kipimo nilikituma kama nilivyoahidi, lakini kila nilipofikiria nikazidi kusita." Aligusa ile barua. "Hii ni ya kuwapa kazi watu wa duka lile lingine. Ilikuwa iondoke leo saa sita."

"Anasemaje?" baba aliuliza.

Ningeweza kuruka kipande kile. Baba asingejua. Lakini nilimfasiria chote. "Anasema naye hakunielewa. Anasema alidhani namdharau, na ndiyo maana alitaka kuwapa kazi watu wa lile duka."

"Na ulikuwa unamdharau?"

Hapakuwa na pa kujificha. "Ndiyo, baba. Nilicheka lafudhi yake."

"Basi mwambie."

"Baba..."

"Mwambie hivyo hivyo, kama ulivyoniambia mimi. Na usimtilie keki."

Nilimgeukia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisema Kiingereza bila msemo hata mmoja. Nilimwambia: nilikucheka, nilikuwa sijakuelewa, nikajifanya nimeelewa, naomba unisamehe. Ni maneno ambayo hata mtoto wa darasa la tatu anayajua, lakini yalikuwa mazito kuliko yote niliyowahi kuyatamka. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba na yeye ana la kuomba radhi, maana alidanganya kwa kichwa kama mimi, na angemnyima kazi fundi ambaye hakumkosea chochote. Aliichukua ile barua, akaichana vipande viwili, akaitupa kwenye ndoo ya taka. Baba hakuhitaji mfasiri kwa hilo.

Mchana ule ule tulipangusa chaki, tukalirudisha robota dukani, baba ameshika upande mmoja na mimi upande wa pili, kwa kuwa alisema nililoliita mwenyewe nilibebe mwenyewe. Lilikuwa zito ajabu. Mwenye duka alilikagua kwa vidole pande zote, akalipokea, akatubadilishia kwa ngozi bandia ya kijani. Njiani baba alitangulia na bunda la ngozi begani, nami nikamfuata.

"Misemo si mibaya," alisema. "Hata sisi tunayo. Nikikuambia kinyozi yule amekula chumvi nyingi, wewe unajua nimesema ni mzee. Sasa kamwambie hivyo mtu aliyeanza Kiswahili juzi. Atamkimbizia kinyozi maji ya kunywa. Misemo ni ya watu waliokwisha zoeana. Ukiwa na mtu ambaye bado mnatafutana, mpe neno la kawaida, umtazame kama limemfikia. Likimfikia, endelea. Lisipomfikia, rudia. Hiyo ndiyo lugha. Yale mengine yako yalikuwa majigambo."

"Ndiyo, baba."

"Na jambo la pili. Kutojua si kosa. Yule mama hakujua, mimi sikujua, wewe hukujua. Kosa ni kujifanya. Mimi nimesema 'hapana kuelewa' miaka ishirini na mitano, na sijawahi kumharibia mtu kiti. Wewe umeona haya kusema siku moja tu, na ilibaki kidogo tupoteze karakana. Sasa niambie, kati yetu wawili, nani ameitia aibu familia?"

"Mimi, baba."

"Haya. Yamekwisha." Akaliinua vizuri lile bunda begani. "Kesho kutwa viti vinakuja na utanisaidia kila ukitoka shule. Hii ngozi haivutwi kama kitambaa. Unaanza katikati ya kila upande, unapiga pini moja, unavuka ng'ambo yake, unapiga nyingine, ndipo unaenda pembeni. Ukianzia pembeni itakunjana. Umeelewa?"

Nilitikisa kichwa.

Baba alisimama katikati ya njia. "Hicho kichwa nilikwisha kiona kikitikisika. Nimekuuliza, umeelewa?"

Watu walikuwa wakipita, na wawili kati yao walikuwa wanafunzi wa darasa langu. Walisimama kutazama.

"Hapana, baba," nilisema kwa sauti ya kusikika. "Hapo pa kuvuka ng'ambo sijaelewa. Sema tena."

Akalitua bunda chini, akachora mraba kwenye vumbi kwa kidole, akasema tena.